Alama Kumi na Saba za Chaki

Bora habari hii niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mke wangu, maana yeye akiisimulia hanibakizii hata kipande. Siku mdogo wangu alipokuja kuniambia amepata mtu wa kushirikiana naye kununua nyumba ya kupangisha, nilimpongeza. Nilimshika mkono kwa mikono miwili, nikamwambia mke wangu amwongezee chai. Kisha nikaaga kwamba naenda kuangalia ndoo zangu uani, nikasimama nyuma ya bafu, nikauma ngumi.

Mimi ni fundi wa plasta na vigae, mwaka wa ishirini na mbili huu. Mtaani wananiita Timazi, ile kamba yenye uzito chini tunayoning'iniza kuona kama ukuta umesimama wima, kwa sababu sijawahi kumkabidhi mtu ukuta uliopinda. Nikipita barabarani naona kazi yangu kushoto, kazi yangu kulia, na katika nyumba zote hizo hakuna hata chumba kimoja ambacho mpangaji ananipa mimi kodi. Mimi mwenyewe nimepanga vyumba viwili. Mwenye nyumba wangu hajui saruji inachanganywa na nini, lakini kila mwisho wa mwezi anasimama mlangoni kwangu na kukohoa.

Na mdogo wangu je? Alipomaliza shule akakosa kazi, nilimchukua nikafanya naye kazi miaka miwili. Nilimfundisha kushika mwiko, akaushika kama kijiko cha chai. Kitu kimoja tu ndicho alichokielewa barabara, nacho ni kubomoa. Nilimwambia, ukibandua plasta igeuze uangalie mgongo wake. Mgongo ukiwa msafi, ujue ilikuwa imeshaachia ukuta yenyewe, na umefanya vizuri kuitoa. Ikitoka na nyama ya tofali, ilikuwa imeshika, na wewe umeua kitu kizima. Basi akawa anageuza kila kipande, hata vile vya ukubwa wa kucha, mpaka nikawa namfokea kwamba tunachelewa. Siku moja akaniambia, kaka, kifua changu hakipatani na vumbi la saruji, akaenda kuuza misumari kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kifua. Na kifua hicho hicho sasa kilikuwa kinanunua nyumba ya vyumba sita.

"Ni nani huyo mwenye hela?" nilimuuliza niliporudi ndani. Sauti yangu ilikuwa nzuri kabisa.

"Sista," akasema.

Nikakaa kwenye kiti.

Sista ni muuguzi mstaafu. Alikuwa wodi ya wazazi miaka thelathini na kitu, na nusu ya watu wa mtaa wetu waliingia duniani kupitia mikononi mwake, wakiwemo wale wanaojifanya wakubwa. Alipostaafu alipata kiinua mgongo chake, akakiweka, hakununua gari, hakufungua duka, hakukopesha ndugu. Mtaa mzima ulijua zile hela zipo na hazina haraka. Na mimi nilimwendea kabla ya mdogo wangu. Hapo ndipo penye uchungu.

Miaka mitatu nyuma nilikuwa namwekea vigae bafuni kwake. Wakati huo wazo la nyumba lilikuwa limeniingia kichwani na halitoki: nunua nyumba iliyochoka, itengeneze kwa mikono yangu, pangisha. Mikono ninayo, macho ninayo, hela ya kununulia sina. Nilikuwa nimeshazunguka. Benki waliniuliza dhamana, nikawatajia ngazi mbili na mashine ya kukatia vigae, yule binti wa mezani akainamisha kichwa asinichekee usoni. Mjomba wangu alikubali haraka mno: hati iandikwe jina lake, kodi akusanye mkwewe, mimi nibaki na kupaka rangi. Mkopeshaji mmoja wa sokoni alitaka riba yake kabla hajanipa hata huo mkopo. Kwa hiyo siku ile, nikiwa nimepiga magoti bafuni, mikono imejaa saruji nyeupe, nikaona mtu ndiye huyu.

"Sista," nikamwambia, "weka hela zako, tununue nyumba. Mimi nitajua la kufanya."

"Utajua nini?"

"Kila kitu."

"Na nikiugua, nikazihitaji?"

"Usiwe na wasiwasi."

"Na wapangaji wakigoma kulipa?"

"Hao niachie mimi."

Akanitazama pale mlangoni, akasema atafikiria. Nikangoja. Mwaka ukapita, akaniita kuziba bomba, hakusema kitu. Mwaka mwingine akaniita kubadilisha kigae kimoja kilichopasuka, hakusema kitu. Mtu anayefikiria miaka mitatu hafikirii, ameshajibu. Nilijiambia basi, ni mwanamke mwoga na hela zake, zitamwozea. Wazo hilo lilinisaidia kulala.

Sasa huyu wa misumari ameketi kwangu, anakunywa chai yangu, ananiambia Sista amekubali.

"Ulimpa nini?" nikamuuliza.

"Sikumpa kitu. Nilikuwa naenda kwake Jumapili alasiri. Miezi minane, kaka. Mara ya kwanza sikuomba hela. Nilimuuliza anaogopa nini."

Mimi nilimwambia asiogope. Sikuwahi kumuuliza anaogopa nini. Na lililoniuma ni kwamba swali lenyewe lilikuwa jepesi, halikuhitaji shule wala suti, hata mimi ningeweza kuliuliza nikiwa na saruji mkononi.

"Akanitajia mambo matatu," mdogo wangu akaendelea. "Anaogopa kuugua na hela yake yote iko ukutani. Anaogopa kufa, watoto wake wagombane na mimi juu ya hati. Na anaogopa kuuziwa nyumba mbovu iliyopakwa rangi. Nikamwambia hayo mawili ya kwanza tutayaandika kwa wakili, nani akitaka kutoka anatokaje, nani anamnunulia nani sehemu yake. Hilo la tatu nikamwambia asitie shaka. Nina kaka yangu."

Mke wangu akatabasamu mpaka akaacha kupepeta mchele. "Umesikia, baba watoto? Wewe ndiye wa kuipitisha."

"Sista amesema hivyo hivyo, shemeji," mdogo wangu akasema. "Timazi akiipitisha, anatia saini. Jumamosi ataenda kuiona. Mimi niko dukani, kaka, lakini nyie wawili mnatosha. Utaenda?"

Nikasema nitaenda, kwani ningesemaje? Alipoondoka nilimwona anatembea kwa miguu kuelekea barabarani. Pikipiki yake, ile aliyokuwa anaifuta kila asubuhi kuliko anavyofuta uso, alikuwa ameshaiuza apate fungu lake. Mke wangu akasema, "Maskini, kajinyima." Mimi nikasema hata mimi nimejinyima miaka ishirini na mbili, mbona hakuna aliyenisifu. Akarudi kwenye mchele wake.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Sista ameshafika, ameketi kwenye kigoda katikati ya ua na mwavuli wake mapajani. Nyumba ilikuwa tupu. Mwenyewe, mzee mmoja aliyekuwa anahamia kwa binti yake, alituachia ufunguo kwa jirani. Vyumba sita, vitatu huku, vitatu kule, ua katikati, bomba la maji, bafu mbili nyuma. Nje rangi imebabuka na bati moja la upenuni limeinuka. Mtu asiyejua angeona gofu. Mimi niliingia chumba cha kwanza, nikaning'iniza timazi yangu, nikasubiri itulie. Ilitulia sambamba na ukuta toka juu mpaka chini, nafasi ile ile, huwezi kupitisha hata ukucha zaidi.

Nikaanza kugonga. Nagonga kwa mpini wa mwiko, na watu huwa wanafikiri ni madoido, lakini ndivyo kazi ilivyo. Plasta iliyoshika inalia kavu na fupi. Iliyoachia ina hewa nyuma yake, inalia kama ubavu wa kabati. Pale inapolia vibaya naweka alama ya chaki, msalaba mmoja, ili wa kubomoa ajue. Niligonga chumba cha kwanza, kote ikalia kavu. Cha pili hivyo hivyo. Nikagonga pembeni mwa madirisha, chini karibu na sakafu, juu ya milango, kule ambako mafundi wavivu hujificha. Yeyote aliyeipiga plasta ile alikuwa mtu wa kazi. Nilimwonea hata yeye kijicho.

Nyumba ilikuwa nzima, na kadiri nilivyogonga ndivyo nilivyozidi kuitaka. Nikafika chumba cha tatu, nikamwona mdogo wangu amesimama humo na daftari lake, anapokea kodi. Nikaiona sikukuu ijayo, ndugu wote wamekaa, wanamtengea yeye kiti cha pembeni ya mama, wanamwita baba mwenye nyumba, kisha mmoja ananigeukia: na wewe fundi, bado uko kule kwenye vyumba viwili? Nikagonga tena. Ukuta ukanijibu vizuri tena. Hapo mkono wangu ukaingia mfukoni, ukatoka na chaki.

Sitasema shetani alinipitia. Shetani ana kazi nyingi, nisimtwishe na hii. Niliweka msalaba wa kwanza nikijua, kwenye ukuta mzima kabisa, na nilipouweka nikasikia raha, kama mtu aliyekuna mahali palipokuwa panamwasha tangu juzi. Wa pili haukunipa tabu. Nilirudi hata chumba cha kwanza. Nilipomaliza vyumba vyote nilikuwa nimeweka kumi na saba.

Sista alikuwa amesimama mlangoni, anahesabu kwa midomo.

"Ni mgonjwa sana?" akauliza. Wauguzi wana lugha yao.

"Sista, huyu si mgonjwa. Huyu ni maiti kapakwa poda. Unapoona misalaba hapo ndani ni hewa. Mvua mbili tatu, yote chini. Na mkishaibomoa mtakuta matofali nayo yamekula maji."

Alivaa miwani yake, akausogelea ukuta mmoja, akaugusa kwa kiganja kama alivyokuwa akigusa wajawazito. Mimi nikaangalia pembeni. Lakini kiganja hakisikii plasta, na yeye alijua hilo, ndiyo maana nilikuwepo.

"Basi," akasema. "Bora kujua mapema. Mdogo wako atasikitika. Na wewe pole."

"Mimi pole ya nini tena?"

Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Ilikuwa iwe siri mpaka siku ya wakili, alitaka akushangaze. Lakini haina kazi tena, soma tu."

Ilikuwa ni rasimu ya makubaliano. Nusu ya nyumba ya Sista, kwa hela yake. Robo ya mdogo wangu, kwa hela yake. Robo iliyobaki ilikuwa na jina langu, jina langu kamili, lile la kwenye kitambulisho. Mbele yake imeandikwa: kwa kazi ya mikono yake katika matengenezo, bila kutoa fedha.

"Mimi nilitaka tukulipe kwa siku kama fundi mwingine," Sista akasema. "Yeye akakataa. Alisema hatasaini karatasi ambayo wewe haumo. Wiki mbili tulibishana, nikachoka, nikakubali."

Najua mnachosubiri. Mnasubiri niseme moyo ulipasuka nikaungama. Nafasi nilikuwa nayo, kubwa kama mlango: ningesema tu, Sista, ngoja nigonge tena, leo masikio yangu hayako sawa. Angesubiri. Angesubiri hata siku nzima, mtu yule ana subira ya kupokea watoto. Na ningetoka pale nikiwa na robo ya nyumba, kitu nilichokitaka maisha yangu yote.

Lakini nisikilizeni. Nilipoisoma ile karatasi niliona wivu kuliko mwanzo. Mwanzo nilikuwa namwonea mdogo wangu wivu kwa kupata. Sasa nilimwonea wivu kwa kunigawia. Yeye aliyeshika mwiko kama kijiko, yeye ndiye aliyebishana wiki mbili ili mimi nipewe, na mimi nipokee, niseme asante, na kila nitakapopokea kodi ya vyumba vyangu kimoja na nusu nikumbuke nani aliniweka pale. Watu wangesema Timazi kabebwa na mdogo wake. Nilikunja karatasi mara nne, kwenye mikunjo yake, nikamrudishia.

"Bora tumeokoka," nikasema.

Jioni ile, jua bado liko, mdogo wangu akaja. Nilikuwa nimeshajiandaa, nina maneno yangu ya ufundi yamepangwa, na nilitaka abishe ili nimzime. Hakubisha. Aliketi, akakunja mikono.

"Sista kaniambia," akasema. "Kumi na saba?"

"Kumi na saba. Na hizo ni zile nilizoziona."

"Ningejiingiza shimoni, kaka, na mama wa watu. Ahsante." Akaikunjua mikono yake. "Umesema wewe, basi imekwisha. Nitamwambia yule mzee kesho."

Akanywa maji, akaondoka kwa miguu. Kuhusu ile robo hakusema neno, na mimi nikajifanya sijui. Mke wangu alinipakulia, akakaa mbele yangu, akaniangalia nikila.

"Mbona unakula kama mtu aliyeshinda kesi?" akauliza.

"Nina njaa."

"Mwenzio hata chai hakugusa." Tangu siku ile akawa ananiangalia vile anavyoangalia maziwa yaliyo motoni.

Habari za misalaba zilitoka. Jirani mwenye ufunguo aliiona, akamwambia mwingine, na kwa kuwa mtaani walijua ni nyumba iliyokataliwa, bei ikashuka. Miezi miwili baadaye ikanunuliwa na mwenye duka la viatu, mtu mmoja mnene mwenye haraka. Aliuliza mtaani fundi mzuri wa plasta ni nani. Mnajua walimtajia nani.

Alinipeleka mwenyewe. "Naona kuna mtu alishanisaidia kukagua," akasema, akicheka. "Kumi na saba, nimehesabu. Bomoa hizo sehemu zote, upige upya, nataka wapangaji mwezi ujao. Au wewe unaonaje? Wewe ndiye fundi."

Ningemwambia nini? Nikisema kuta ni nzima, ataniuliza nani aliweka alama na kwa nini, na maneno yatatembea mpaka kwa Sista kabla sijafika kwangu. Nikisema mbovu, nibomoe. Waliosema mchimba kisima huingia mwenyewe walikuwa wananijua. Nikasema, "Alama ziko sawa, bosi." Akaniachia ufunguo.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa chumba cha tatu na nyundo na tindo, mbele ya msalaba wangu wa kwanza. Nilipiga, tindo ikarudi. Nikapiga tena, ikachonga kijivumbi. Plasta iliyoachia ukiigusa inaanguka bapa zima, unakaa pembeni isikupige mguuni. Hii niliitoa punje kwa punje, na kila kipande kilitoka na wekundu wa tofali mgongoni. Msalaba mmoja ulinichukua mpaka saa nne. Wa pili ulivunja ncha ya tindo. Jasho lilikuwa linaniingia machoni na nilikuwa namtukana fundi aliyeipiga plasta ile, sijui ni nani, labda alishakufa. Alinishinda, na nilikuwa naivunja kazi yake kwa sababu ya uongo wangu mwenyewe. Saa sita nilikuwa nimemaliza mitatu.

Nikasikia lori linarudi nyuma getini. Mwenye viatu alikuwa ameagiza saruji, na sikuwa nimeuliza ameagiza duka gani.

Mdogo wangu aliingia na mfuko begani, kalamu sikioni. Aliponiona akautua, akafurahi. Naapa alifurahi, mpaka meno yote yakaonekana.

"Kaka, kumbe kazi umepata wewe. Afadhali. Angalau hela ya nyumba hii imeingia nyumbani kwetu."

"Ndiyo hivyo," nikasema. "Shusha mifuko hapo upenuni, mimi nitaiingiza."

"Aa, nakusaidia." Akaja mpaka nilipo. Akatazama tundu ukutani, kisha akatazama chini, kwenye vifusi. Nilijua atafanya nini kabla hajafanya, maana mimi ndiye niliyemfundisha. Aliinama akaokota kipande, akakigeuza mgongo.

Kilikuwa chekundu.

Akaokota kingine, akakigeuza. Akaokota cha tatu, cha ukubwa wa kucha. Mimi nilishika nyundo, nikaangalia nyundo.

"Hii ilikuwa imeshika, kaka," akasema taratibu.

"Kuna sehemu zinashika, kuna sehemu haz—"

Hakunisubiri. Alikwenda kwenye msalaba wa nne, akaugonga kwa vifundo vya vidole, akaweka sikio. Akaenda wa tano. Alitoka chumba hicho akaingia kingine, na mimi nikabaki nimesimama palepale namsikia anavyozunguka nyumba nzima, kugonga kisha kimya, kugonga kisha kimya, na kila mara ukuta unamjibu ukweli. Nilihesabu naye. Aligonga yote kumi na minne iliyobaki, hakuruka hata mmoja. Kumbe masikio alikuwa nayo siku zote, na mimi miaka miwili nilimwambia hana.

Aliporudi alikuwa na vumbi la chaki vidoleni. Nilitaka anitukane. Nilikuwa na majibu ya matusi, mtu yeyote mwenye wivu anayo majibu ya matusi. Nilitaka aniulize kwa nini, nimwambie kuhusu Jumapili zake za miezi minane kwa Sista, kuhusu kiti cha pembeni ya mama, kuhusu ile robo yake ya huruma. Hakuuliza. Alitoka nje, akasaidiana na dereva kushusha saruji yote, mfuko mmoja mmoja, akaipanga upenuni vizuri, juu ya mbao isishike unyevu. Kisha akaja na kile kitabu cha kupokelea mzigo, akachomoa kalamu sikioni, akanishikisha.

"Mifuko kumi," akasema. "Saini hapa, fundi."

Tangu alipoanza kusema, mtoto yule hajawahi kuniita kitu kingine ila kaka. Hata siku niliyomzaba kofi kwa kumwaga ndoo ya plasta aliniita kaka. Nikamtazama labda amekosea. Alikuwa anaangalia kitabu, anasubiri saini, na mguu wake mmoja ulikuwa umeshageukia mlangoni.

Nikasaini. Akachana nakala yangu, akaniwekea juu ya mfuko, akatoka. Lori likaondoka. Mwenye viatu alikuwa amesema atapita jioni kuona nimefika wapi, na misalaba kumi na minne ilikuwa bado ukutani. Nikainama nikatafuta tindo nyingine.